Kinanda cha Miguu

Jumatatu, 2 Machi

Muuguzi wa kliniki amenipa kazi. Amesema nitafute daftari niandike kila siku mtoto amelala muda gani mchana, ili tukikutana siku ya kupima uzito tujue kama ni yeye asiyelala au ni mimi ninayeona halali. "Mstari mmoja tu kwa siku, mama, unatosha." Nimepata daftari la kurasa themanini. Kwa usingizi wa mtoto huyu kurasa mbili zingetosha, kwa hiyo zilizobaki nitajaza mambo yangu.

Mtoto ana miezi saba. Tunamwita Bosi, maana nyumba nzima inamfanyia kazi na yeye haridhiki. Dada yake ana miaka mitano, tunamwita Redio. Mwambie neno asubuhi, mchana mtaa wote umelipata. Baba yao ni mwoka mikate. Anaondoka alfajiri na kurudi saa nane mchana, ana unga hadi masikioni. Mimi nashona sare za shule hapa hapa sebuleni, kwa cherehani yangu ya miguu, kati ya dirisha na kabati.

Wa tano ni mama mkwe. Alihamia kwetu mwaka juzi, miezi michache baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa mwalimu wa muziki. Alikuja na sanduku moja la nguo na kinanda kimoja cha umeme kikubwa kama kabati la vyombo. Kinanda kilipoingia, kochi moja likatoka. Nilinuna wiki nzima kwa ajili ya lile kochi.

Leo naandika ukweli: bila kinanda kile ningekuwa nimeshapata wazimu. Kila siku saa tano Mama anavua viatu, anabaki na soksi, anakaa kwenye benchi na kupiga. Juu kina safu mbili za meno ya kubonyeza kwa vidole. Chini, karibu na sakafu, kina mbao ndefu za kukanyaga, na hizo ndizo zenye sauti nene, ile inayotembea sakafuni. Bosi namlaza kwenye mkeka kando ya benchi. Sauti ile ikipita chini ya mgongo wake, macho yanalegea yenyewe. Hapo ndipo nakata kola zangu kwa amani.

Mvua imeanza. Amelala: dakika hamsini.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Kola kumi na mbili. Amelala: saa nzima! Nimeangalia mara mbili kama anapumua.

Jumatatu, 9 Machi

Nitasema hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo kama Redio. Mama ni mtu mwema, lakini kazi zake ni nusu nusu. Akifua nepi anazianika zikichuruzika maji kama zimeokolewa kisimani. Na mvua hii! Zinakauka kesho kutwa. Akitandika kitanda cha watoto, shuka analichomeka vizuri kabisa upande mmoja, upande wa pili unaning'inia. Chupa ya mafuta ikikaza kidogo tu, ananiita. Akimpokea Bosi anamweka mkono wa kulia, dakika tatu, halafu: "Mwanangu, mchukue mtu wako."

Leo nimezikamua nepi zote upya bila kusema neno. Alikuwa dirishani ananitazama, nami nikajifanya sioni. Labda walimu ndivyo walivyo, wamezoea kusahihisha kazi, si kuifanya.

Amelala: dakika arobaini. Kwa hilo namshukuru yeye, nimlaumu vipi tena.

Jumamosi, 14 Machi

Upepo umeinua bati moja juu ya sebule. Mama alikuwa katikati ya wimbo, Bosi ameshalala, Redio anapanga vifungo vyangu kwa rangi. Nikasikia tone. Kabla sijajua linatoka wapi, maji yakaja kwa mkondo, yakafuata waya wa taa ukutani na kuingia moja kwa moja nyuma ya kinanda. Sauti ikakoroma, ikapanda juu ikalia kama mbuzi, kisha ikakatika. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba.

Nilichomoa waya wa umeme kwa mguu wa kiti. Nikasukuma kinanda, nikaweka beseni, nikaokoa sare. Nilipogeuka, Mama alikuwa bado kwenye benchi, mgongo umenyooka, na miguu yake ndani ya soksi ilikuwa inaendelea kukanyaga zile mbao. Hakuna sauti, ni tap, tap ya mbao tu. Alimaliza ule wimbo mpaka mwisho.

"Bibi, kinanda kimekufa?" Redio akauliza.

"Kimenyamaza tu, mjukuu wangu."

Baba Redio aliporudi alipanda juu ya paa mvua ikimpiga, na nguo zake za kazini zikageuka uji. Bati limerudi mahali pake. Nashukuru hatukupigwa na umeme. Nashukuru sare ni kavu.

Amelala: dakika kumi na moja.

Jumanne, 17 Machi

Fundi wa redio amekuja, yule mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Amefungua mgongo wa kinanda, akamulika ndani kwa tochi, halafu akaniita.

"Mama, mlikuwa na wapangaji humu."

Kiota cha panya. Kimejengwa kwa vipande vya kitambaa cha bluu, sare zangu hizi hizi.

"Na ni wasomi," akasema. "Wanavaa sare."

Tumecheka wote, hata Mama. Lakini kicheko kilipoisha, fundi alifuta mikono akasema bila kuzunguka kwamba mitambo imeungua yote, vipuri vyake havitengenezwi tena, na hatachukua hata shilingi kwa kazi ambayo hakuifanya. Watu wa namna hii Mungu awape miwani mizuri.

Wakati wa kufunga alipitisha kidole kwenye safu ya chini ya meno, akakitazama. "Safu hii ina vumbi, haijaguswa siku nyingi. Hii ya juu inang'aa. Na mbao za miguu zimelika kabisa." Akanitazama mimi. "Kabla hamjanunua kingine, muulizeni mwenyewe anapigaje."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mgeni kuja kuniambia nyumba yangu ina vumbi! Alipotoka tu nikachukua kitambaa nikaifuta ile safu, jino kwa jino.

Amelala: hakulala.

Ijumaa, 20 Machi

Hakulala. Nimeshona mfuko wa shati mgongoni.

Jumapili, 22 Machi

Kikao cha familia. Wifi yangu, ambaye ana saluni mji mwingine, alikuwa kwenye simu, nayo tumeiweka mezani ikipiga kelele. Amejitolea kumnunulia mama yake kinanda kingine, na kwa hilo nampa heshima yake. Lakini ana mawazo yake.

"Mama, siku hizi kuna vinanda vyembamba. Unaweka mezani, ukimaliza unakisimamisha nyuma ya mlango. Kina sauti mia sita! Kina mpaka sauti ya mbwa!"

"Mbwa nimpigie wimbo gani?" Mama akauliza.

Baba Redio akacheka, lakini na yeye akaegemea upande wa dada yake. "Nafasi yenyewe, Mama. Unaiona."

"Nataka cha miguu."

"Mama anachagua kama anaolewa," wifi akasema.

Kusema kweli moyoni nilikuwa upande wao. Wiki nzima sijalala, na nilikuwa nishaona kochi langu likirudi. Niliwaza: mtu mzima anapewa zawadi, bado anachagua. Lakini nikamtazama amekaa pale, mkono wa kulia umeshika wa kushoto mapajani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, na mdomo wangu ukasema kingine.

"Atakayepiga ni nani? Ni sisi? Basi kitakuwa cha miguu."

"Haya, wakili," wifi akasema, na simu nzima ikacheka.

Dukani nitapiga simu mimi, kwa kuwa ndimi ninayeshinda nyumbani. Baadaye jikoni Mama alinishika kiwiko. "Mwanangu, kikikosa yote, miguu kisikose."

"Nimekuelewa, Mama. Ni kama cherehani. Kuna ya mkono, na kuna ya miguu."

"Hapo hapo," akasema.

Amelala: dakika ishirini, mgongoni kwangu, nikitembea.

Alhamisi, 26 Machi

Nimepiga simu dukani. Bosi alikuwa begani analia kwenye sikio moja, muuzaji anaongea kwenye sikio la pili.

"Naomba kinanda cha miguu, kaka."

"Cha miguu kipo, dada. Miguu minne."

"Minne tu? Kile cha zamani kilikuwa nayo mingi."

"Mingi ya nini, dada? Minne inatosha sana. Ni ya chuma, ukitaka unaikunja."

"Unaikunja?"

"Ndiyo, na hakianguki. Nakuhakikishia."

Nilijiuliza kwa nini kianguke. Lakini Bosi akanitapikia shingoni, nikasema sawa kaka, kileteni.

Amelala: dakika kumi na tano. Nikimaliza kuandika hapa nitakunywa chai, ikiwa bado ni chai.

Alhamisi, 2 Aprili

Kimefika leo saa nne, mvua imekatika kidogo. Kiko ndani ya boksi jembamba refu.

Kina safu moja. Ni cheusi, kinang'aa, kina taa ndogo ndogo. Na kina miguu minne ya chuma ya kukunja. Kimesimama sebuleni kwangu wima kabisa, na kweli hakianguki.

Ni mimi. Si muuzaji, si wifi. Nilisema cha miguu, akaniletea chenye miguu.

Mama hakufoka. Alivua viatu kama kawaida, akakaa, akakipiga kwa mkono wa kulia. Wimbo ni ule ule, lakini ulitoka mwembamba kama simu inayoita chumba cha pili. Mkono wa kushoto ulilala mapajani. Na chini, ndani ya soksi, miguu yake ilikuwa inakanyaga saruji tupu. Bosi aliyekuwa mkekani aliinua kichwa, akamtazama, akaanza kulia.

Mama akainuka. "Ni kizuri. Mshukuru wifi yako." Akaenda uani.

Redio alibonyeza sauti ya mbwa mara ishirini. Hakulala mtu.

Ijumaa, 3 Aprili

Leo sitaandika mstari mmoja.

Nilikwenda uani na hasira, sikatai. Niliona kwenye kamba nepi tatu zinachuruzika, nikajisemea leo namwambia, kwa adabu, lakini namwambia. Nikazunguka kona ya nyumba. Mama alikuwa amenipa mgongo. Nepi moja alikuwa ameizungusha kwenye bomba la maji, na ncha zote mbili amezishika kwa mkono wa kulia, anasokota. Akisokota, nepi inateleza bombani, anaanza tena. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia ubavuni kama mkono wa shati lililotundikwa.

Mambo yote yalinijia kwa mpigo. Shuka la upande mmoja. Chupa ya mafuta. Bosi kwenye mkono wa kulia, dakika tatu. Ile safu ya chini yenye vumbi, ambayo fundi aliiona kwa mara moja na mimi nikaenda kuifuta! Mwaka mzima na zaidi nakaa na mtu huyu, tunakula meza moja, na nilikuwa nahesabu kasoro zake.

"Mama," nikasema.

Aligeuka. Hakuficha. Nadhani alikuwa amechoka kuficha.

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu baada ya baba yenu kuzikwa. Niliamka asubuhi, mkono ukawa umelala mimi niko macho. Nikasubiri uamke."

"Na hukusema kwa mtu?"

"Ningesema, mwanangu, ungenipa huyo mtoto nimbebe?"

Jibu la kweli ni hapana, nisingempa.

Tukakaa kwenye kizingiti, matone yakidondoka mbele yetu. Akanieleza kuhusu kinanda. Wimbo, anasema, una juu, una chini, una katikati. Juu ni mkono wa kulia. Katikati ni kazi ya kushoto. Chini ni miguu. Kushoto kulipokufa aliiacha katikati, akabaki na juu na chini. "Miguu inabeba, kulia kunaimba. Pana uwazi hapo katikati, mpana kama mlango. Lakini nyie hamkuusikia."

"Sikuusikia, Mama. Nilidhani wimbo ndivyo ulivyo."

Akacheka kidogo. "Sasa ukininyima na miguu, nabaki na kulia peke yake. Huo si muziki. Huo ni kengele ya mlangoni."

Na mimi ndiye niliyemnyima. Nililia, kidogo tu, maana nepi zilikuwa karibu na nilikuwa na kitu cha kufutia.

Halafu akasema, "Usimwambie mwanangu."

Hapo nikafuta macho. "Sitamwambia, Mama. Utamwambia wewe. Kesho akirudi kazini, mimi nitakaa pembeni yako. Ukishindwa, nitasema mimi. Na wiki ijayo tunakwenda kwa daktari."

"Unanitisha."

"Ndiyo, Mama. Nakutisha."

Nikamleta Bosi. Niliweka mto ukutani, nikamwambia Mama akae chini auegemee, nikaweka mto mwingine upande wa kushoto, nikampakatisha mjukuu wake. Hakuna dakika tatu. Amekaa naye mpaka nilipomaliza mikono ya mashati manne.

Amelala: dakika ishirini na tano, mikononi mwa bibi yake. Mkono mmoja na mto.

Jumamosi, 4 Aprili

Amesema mwenyewe, sikuhitaji kufungua mdomo. Baba Redio alisikiliza akiwa amesimama na unga wake. Akaenda kunawa, akarudi, akapiga magoti, akauchukua ule mkono wa kushoto na kuuminya polepole kuanzia kiganjani, vile anavyopima donge la unga kama limeumuka.

"Haujafa huu, Mama. Una nguvu ndani."

"Umekuwa daktari lini?"

"Mimi ni mwoka mikate. Mikono naijua."

Kisha akatoka nje kuangalia bati ambalo halina shida yoyote, akakaa huko muda mrefu.

Amelala: dakika thelathini.

Jumanne, 7 Aprili

Daktari amesema ni kiharusi kidogo cha zamani, na angekuja siku ile ile mambo yangekuwa mengine. Ametoa vidonge vya presha. Miguu haina tatizo. Mkono hautarudi wote, lakini vidole vinaweza kujifunza kidogo. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo pale hospitali akampa zoezi la kila siku: akamue kitambaa chenye maji.

Tulitazamana, mimi na Mama.

"Kitambaa mnacho nyumbani?" yule mama akauliza, na sisi tukaangua kicheko mpaka foleni nzima ikageuka.

Jumamosi, 11 Aprili

Tumekwenda dukani wote watano na kinanda chetu cha miguu minne. Muuzaji ni kijana mwenye tai na maneno mengi.

"Karibuni! Vipi dada, kimeanguka?"

"Hakijaanguka, kaka. Ndiyo shida yake."

Nilimweleza. Alinitazama, akamtazama Mama, akajipiga paji la uso. "Aaa! Miguu ya mtu! Mimi nikajua miguu ya kinanda!" Alicheka mpaka tai ikapinda, kisha akaona haya, akatupeleka stoo ya nyuma. Huko kulikuwa na viwili ambavyo watu walivirudisha wakachukua vyembamba.

Cha kwanza nilikipenda mimi hata kabla ya Mama. Kikubwa, cha mbao nyekundu, safu mbili, mbao za kukanyaga ishirini na tano, sawa na kile cha zamani. Baba Redio alikipima kwa uzi. Hakipiti mlangoni kwetu. "Nitang'oa fremu," akasema papo hapo. Muuzaji naye akakisifia, hiki ndicho cha mwalimu, hiki ndicho cha heshima yako, mama.

Cha pili kilikuwa kidogo, cha kahawia, pembe moja imegugunwa, jino moja limemeguka kama la Redio. Kina safu mbili fupi. Mbao za miguu ni kumi na tatu tu.

"Hiki si chako, mama," muuzaji akasema kwa sauti ya chini, kama anayetaja ugonjwa. "Hiki ni cha wanaojifunza. Ukibonyeza kidole kimoja upande wa kushoto, chenyewe kinajaza sauti zilizobaki."

Uso wa Mama ulijikunja. "Navijua. Nilikuwa nawakataza wanafunzi wangu. Niliwaambia huo si muziki, ni uvivu."

Akavua viatu. Nikatandika kitambaa cha kumbebea sakafuni, nikamlaza Bosi, ambaye alikuwa analia tangu kituoni.

"Mtoto anafanya nini hapo?" muuzaji akauliza.

"Ndiye mkaguzi," nikamjibu.

Mama akaanza na kile kikubwa. Kulia na miguu. Kilikuwa na sauti nzuri huko juu, lakini chini ilitoka kavu, kama mtu anagonga boksi. Bosi aliendelea na kilio chake. Baba Redio akasema tena habari ya fremu.

Kisha Mama akahamia kwenye kile kidogo. Alitafuta kwa unyayo zile mbao chache, akakosea, akatafuta tena. Halafu ikaja. Ile sauti nene, niliisikia kwenye visigino kabla ya masikio. Bosi alinyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi.

Mama akaacha kupiga. Alikaa akiitazama ile safu ya chini. Hata muuzaji alielewa kunyamaza. Kisha kwa mkono wa kulia aliuinua ule wa kushoto kutoka mapajani, akauweka juu ya meno, kama unavyomketisha mtoto kitini. Akasubiri. Kidole cha shahada kikatetemeka, kikashuka. Kidole kimoja.

Sauti tatu zikatoka.

Akarudisha mkono wa kulia juu, miguu chini, akaupiga ule wimbo wa saa tano. Nimeusikia mwaka mzima na zaidi, leo ndiyo nimeusikia. Kushoto kulichelewa, kulikosea, mara mbili kuliteleza na Redio akakirudisha kile kidole mahali pake bila kuambiwa. Lakini pale katikati pakajaa. Mume wangu alikuwa ameshika uzi wake wa kupimia, machozi yanamtoka, hajifuti.

Ulipoisha Mama aliurudisha mkono wa kushoto mapajani. Kisha akasema, bila kugeuka: "Wanafunzi wangu wote niwaombe radhi."

"Basi tuchukue kipi, Mama?" nikamuuliza, ingawa nilijua. Nilitaka aseme mwenyewe.

"Hiki cha wavivu."

Muuzaji akapokea kile chenye miguu minne, tukabadilishana. Bosi alikuwa amelala fofofo kwenye sakafu ya stoo, na ilibidi tusubiri.

Amelala: saa moja na dakika kumi. Muuzaji alituletea viti.

Jumatano, 15 Aprili

Kimeletwa. Kimepita mlangoni, fremu imepona. Fundi mwenye miwani amekuja kukiunganisha, akaweka na wavu nyuma. "Wasomi wasirudi," akasema. Nilimwambia kwamba siku ile vumbi aliliona yeye na mimi nikalifuta. Akasema, "Kazi yangu ni kuangalia kilicholika na kisicholika, mama. Wewe kazi yako ni nyingi." Nilimfungia mkate mzima.

Amelala: dakika hamsini.

Jumapili, 19 Aprili

Wifi alisikiliza kwenye simu mpaka mwisho. Akauliza: "Na sauti ya mbwa je?" Bosi akalia kwa nguvu. Mama akasema, "Hiyo tunayo tayari." Kisha wifi alilia kwelikweli, akasema anakuja, na atamtengeneza mama yake nywele kwa mikono yake mwenyewe.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua ya mawe. Paa zima. Amelala: dakika hamsini na tano, mawe na yote.

Jumatano, 6 Mei

Nepi sasa tunazikamua pamoja. Yeye anashika ncha moja kwa mkono wa kushoto, mimi nasokota ncha ya pili. Mwanzoni nilikuwa nazivuta zote kutoka mkononi mwake. Leo moja imekwama. Nilivuta, haikutoka. Aliniangalia hivi, kwa kiburi, kama amenishinda mbio.

Alhamisi, 14 Mei

Siku ya kupima uzito. Bosi ameongezeka vizuri. Muuguzi akaomba daftari. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa tano, wa kumi.

"Mama, nilisema mstari mmoja."

"Najua, dada."

Akaendelea kusoma. Foleni ikaanza kunung'unika. Akanirudishia akasema, "Endelea."

Ijumaa, 22 Mei

Siku ya tano bila mvua. Nimefungua madirisha yote. Sare za mwisho za muhula zimekwisha, mifuko yote iko mbele.

Saa tano Mama alivua viatu. Nilikaa mkekani na Bosi kwa dakika moja tu, nimtulize, kisha niinuke nifagie vipande. Kidole kile kimoja sasa hakichelewi sana. Nakumbuka sauti ya chini ikija kupitia sakafu mpaka mgongoni mwangu, nikawaza, aha, kumbe ndivyo anavyosikia huyu.

Nilipofungua macho jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Kinanda kimya, Mama na Redio jikoni wananong'ona, Bosi pembeni yangu anakoroma. Juu yetu palikuwa na shuka. Upande wa kulia limechomekwa vizuri kabisa chini ya mkeka, limenyooka kama la hospitali. Upande wa kushoto linaning'inia, ila kwenye kona kuna sehemu ndogo, upana wa kidole, iliyosukumwa ndani.

Sikuligusa. Nilifumba macho tena.

Amelala: saa mbili. Mimi pia.